Msimu Ambao Sukari ya Padiri Ililala

Kampemba, Lubumbashi
Alasiri, kesho unasafiri

Mado wangu,

Mama yako yuko chumbani kwako anafunga valizi, na kila akimaliza anakumbuka kitu na kuifungua tena. Mambo ya kula, ya blanketi, ya kutowaamini watu wa teksi wa Kinshasa, hayo yote namwachia yeye. Ameshayasema na atayasema tena kesho njiani kwenda uwanja wa ndege wa Luano. Wewe umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, kambo yako, mama yangu, amejinyoosha kidogo, na mvua inapiga mabati kwa nguvu hata redio haisikiki. Ndiyo sababu nimeketi mezani na kalamu.

Unajua mimi si mtu wa kuandika. Mimi ni mtu wa usukani. Lakini babu yako, aliyeshuka kutoka Kongolo kuja kufanya kazi ya reli, alinifundisha Kiswahili cha shule ya mapadri, na alikuwa akisema kwamba neno usiloweza kulitamka bila kulia, liandike. Kesho uwanja wa ndege utajaa shangazi na wajomba, na mimi nitalia. Basi nakuandikia kwa Kiswahili cha babu yako, ila maneno ya watu nitayaacha walivyoyasema wenyewe, kwa Kiswahili chetu cha hapa.

Nataka kukuandikia habari za Padiri. Najua utacheka. Binti anakwenda kusomea umeme, na baba yake anamwandikia juu ya paka. Cheka tu. Lakini nimetafuta ndani ya maisha yangu kitu cha kukupa uende nacho, na kila nikitafuta narudi kwa huyu mnyama.

Ulikuwa bado shule ya msingi siku nilipomleta. Nilikuwa narudi kutoka Kasomeno na mzigo wa samaki wakavu, na mama mmoja muuza samaki, mteja wangu wa siku nyingi, alinifuata mpaka kwenye mlango wa lori akiwa amekumbatia kitu ndani ya kitenge. "Papa chauffeur, hii njo matabishi yako," akasema, kana kwamba ananiongezea kiganja cha dagaa juu ya kipimo. Nikafunua, nikaona kipaka cheusi, mifupa mitupu, na doa jeupe shingoni pale pale mapadri wanapovaa ukosi wao. Njia nzima kililala juu ya goti langu la kushoto, na kila nilipokanyaga klachi kiliamka kikanilalamikia.

Jina ulilitoa wewe, na kambo yako, mtu wa parokia, alikasirika. "Paka aitwe Padiri? Munataka batufukuze ku paroisse?" Haukupita muda nikamkuta yeye mwenyewe amesimama mlangoni na sahani: "Padiri, kuya kukula!" Na kipaka kikaja mbio.

Alipokua alianza kupigana na mapaka ya jirani, tukampeleka akahasiwa, na tangu hapo kazi yake ikawa kula na kulala. Na nani hakumlisha? Kambo yako alimpa matonge ya bukari, ugali wetu, yaliyochovywa kwenye mchuzi. Mama yako alimpa mkate na maziwa. Majirani walimwita juu ya ukuta wakamtupia mikate ya mafuta. Mimi nilimletea vichwa vya samaki kutoka kila safari. Alinenepa mpaka tumbo likawa linafagia saruji, nasi tukafurahi, maana kwetu mnyama mnene ni heshima ya nyumba.

Halafu akaanza kunywa maji.

Mwanzoni tulicheka. Alikuwa anasimama kwenye ndoo ya jikoni, miguu ya mbele juu ya ukingo, anakunywa kama lori linalotiwa maji kwenye rejeta. Lakini mchanga wake wa kujisaidia ulikuwa umelowa kila asubuhi kana kwamba mvua imenyesha ndani ya nyumba. Alikula kuliko zamani na bado alikonda, mpaka uti wa mgongo ukaanza kuonekana chini ya manyoya. Mwishowe miguu ya nyuma ikaanguka. Hakutembea tena juu ya vidole kama paka. Alitembea juu ya visigino, akijiburuta kama mzee mwenye ndara zilizochakaa.

Mama yako alisema ni minyoo. Jirani alisema ni sumu ya panya. Mimi nilisema paka wamejaa Kasomeno, nitakuletea mwingine. Nilidhani nakufariji.

Wewe ulikuwa umekaa chini, unamtazama. Ukasema, "Papa, Padiri iko na sukari. Kama Kambo."

Tulicheka sote. Mimi nilicheka zaidi ya wote. Tangu lini paka akapata ugonjwa wa wazee? Lakini wewe uliingia ndani, ukarudi na mfuko wako wa shule, na ndani yake ulikuwa umeweka ile mashine ya kupima sukari ambayo kituo cha afya kilimpa kambo yako, na ambayo yeye alikuwa ameisukuma nyuma kabisa ya kabati. Ulinyanyua paka. Nikakufuata.

Daktari Kalumba unamfahamu: mtu mwembamba, macho ya usingizi, ambaye siku nyingi anahangaika na mbwa wa walinzi na kuku wa watu. Alimweka Padiri mezani akakuuliza wewe, si mimi, kuna nini.

"Iko nakunywa sana, Docteur. Iko nakojoa sana. Iko nakula na iko nakonda."

Alimchoma kidogo kwenye ukingo wa sikio, tone likatoka, akaligusisha kwenye mashine. Mashine haikuandika namba. Iliandika tu kwamba sukari imepita kipimo chake. Akapima na mkojo. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa koti lake.

"Mutoto iko na raison, amesema kweli," akasema. "Hii ni sukari. Paka munene, dume iliyokatwa, bukari na mukate kila siku: inakuya. Ataanza insuline, asubuyi na mangaribi. Na chakula, nyama na samaki tu. Mambo ya bukari, fini."

Mimi nilisikia neno moja tu: insulini. Hilo neno lilikuwa limekwisha kuingia nyumbani kwetu kabla, na lilikuwa limetugawa.

Hapa lazima nikueleze jambo ambalo wewe ulilijua nusu. Kambo yako alikuwa na sukari tangu kabla hujazaliwa, na alikuwa anakunywa vidonge. Lakini vidonge vilikuwa vimeshindwa. Hospitalini walimwambia sasa ni sindano, naye akakataa katakata, kwa sababu dada yake mkubwa aliwekewa hiyo sindano kule Kongolo na akafa muda mfupi baadaye. "Shindano ya sukari njo mulango ya kaburi," alikuwa anasema, na hapo mazungumzo yakaisha. Wakati ule alikuwa na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu, kilichoanzia kwenye msuguano wa kiatu, na hakikutaka kufunga. Muuguzi aliyekuwa anamsafisha alinivuta pembeni akaniambia kwamba mambo yakiendelea hivyo, watakata. Hakusema kidole. Alisema mguu.

Nilimpigia magoti mama yangu, Mado. Nilimletea padri, yule wa kweli. Nilimletea daktari nyumbani. Nilimkasirikia, kisha nikamwomba radhi, kisha nikamkasirikia tena. Nilijifunza hapo kwamba mtu mwenye hofu huwezi kumsukuma. Ukimsukuma anashika zaidi pale alipo. Nilijifunza, lakini sikujua cha kufanya badala ya kusukuma.

Wewe hukuwa unafikiria hayo. Wewe ulikuwa unafikiria paka. Ulijizoeza kwa chungwa, juu ya meza hii hii, ukichoma na kuchoma mpaka mama yako akasema nyumba nzima inanuka chungwa. Mangaribi ya kwanza yeye alitoka nje kabisa, hakutaka kuona. Mimi nilishika taa. Uliweka sahani ya samaki chini, Padiri akainamisha kichwa, ukaikunja ngozi ya mgongoni kwa vidole viwili, ukaingiza sindano. Hakuinua hata uso. Aliendelea kula.

Na kambo yako alikuwa kwenye kiti chake, mguu wenye bandeji juu ya stuli, anatazama.

Alitazama kila asubuhi na kila mangaribi. Umeme ulipokatika ukakaa siku nyingi bila kurudi, na sisi tukawa tunahangaika na dawa ndani ya friji yenye joto, yeye ndiye aliyeinuka, akachechemea mpaka nyuma ya nyumba, akaleta vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, akajaza mchanga wenye maji katikati. "Mama yangu alikuwa naweka maziwa humu, inabakia baridi," akasema. "Weka dawa ya Padiri." Tulikuwa hatujawahi kumwona akigusa kitu chochote chenye jina la insulini.

Siku moja mchana nilikuwa nimelala chali chini ya lori, hapa ndani ya lupango, uani kwetu, natengeneza breki. Ninyi wawili mlikuwa mmekaa barazani na hamkujua kwamba nawasikia. Kambo yako akakuuliza, "Wakati unamuchoma, iko nasikia bubaya?"

"Hapana, Kambo. Si unaona haiachake hata kukula."

Nikasikia Padiri analia kidogo, kama anavyolia akipandishwa mapajani.

"Na mimi, nani angenichoma? Bale batu ba hôpital?"

"Docteur atasema kipimo. Kuchoma, nitakuchoma mimi."

"Na mukono wako hautatetemeka?"

"Unatetemekaka ku Padiri?"

Kisha mama yangu, ambaye hakumsikiliza mwanawe, wala padri, wala daktari, akasema, "Basi kesho tuende."

Sikutoka chini ya lori. Niliogopa kwamba nikitokeza uso wangu wenye grisi na kusema neno moja la furaha, nitaharibu. Nilibaki nimelala chali na spana mkononi, na machozi yakaniteremkia ndani ya masikio. Hilo hukulijua mpaka leo.

Tangu hapo nyumba yetu ilikuwa na wagonjwa wawili na wakati mmoja wa sindano. Kambo kwanza, Padiri baadaye, kila mmoja na sindano yake na kipimo chake. Kambo yako alikuwa anamwambia paka, "Miye nimemaliza, sasa wewe, usifanye woga." Ulipokuwa na mitihani nilijifunza na mimi. Vidole hivi vilivyozoea boliti na kamba! Mara ya kwanza nilimwaga dawa juu ya manyoya, na Padiri akanitazama kwa dharau ambayo sijaipata hata kwa polisi wa barabarani.

Miguu yake ikaanza kunyooka. Akaacha ile ndoo. Kidonda cha kambo yako kikaanza kukauka pembeni.

Ndipo ikaja ile asubuhi Padiri alipoyumba. Nadhani unaikumbuka vizuri kuliko mimi. Alitoka jikoni anapepesuka kama mlevi, akaanguka ubavu, macho wazi, miguu inatikisika. Mama yako alipiga kelele kwamba anakufa. Wewe ulikimbilia asali niliyoileta kutoka barabara ya Kasenga, ukachovya kidole, ukampaka kwenye fizi, ukapaka tena, ukimwita jina. Polepole kichwa kikainuka. Ulipompima, sukari ilikuwa chini kabisa.

Daktari Kalumba alipunguza kipimo. Ulipompima tena baadaye, akapunguza zaidi. Kisha siku moja akasema, "Simamisha." Tulisimamisha, na sukari yake ilibaki palepale, kama ya paka mzima.

Nilimshika daktari mkono kwa mikono yangu yote miwili. "Amepona!"

"Papa, haina kupona," akasema. Alisema taratibu, na wewe ulisikia, nami nilikuwa nimesimama pale pale. "Ku bapaka inafikaka. Ukianza dawa mbio, na chakula ya muzuri, kile kiungo cha ndani kinapumuzika, halafu kinarudia kazi yake. Sukari imelala. Inaweza kulala miaka. Inaweza kulala miezi. Musimupe bukari, na muendelee kumupima."

Mimi nilisikia "imelala" kama mtu anavyosikia habari ya adui yake: nikadhani amezikwa. Nilichinja mbuzi. Niliita majirani, watu wa kwaya, madereva wenzangu, na daktari mwenyewe. Nilisimama nikatoa neno la shukrani, nikasema mbele ya wote kwamba Mungu amemponya paka wetu moja kwa moja. Watu walicheka, lakini walipiga makofi.

Katikati ya sherehe hiyo kambo yako alimgeukia daktari. Aliuliza kwa sauti ya chini, lakini kila aliyekuwa karibu alimsikia. "Na mimi, Docteur? Miye nitasimamisha siku gani?"

Kalumba aliweka sahani yake chini. "Mama, mimi niko munganga ya banyama. Ya kwako utauliza ku hôpital. Lakini sitakudanganya. Sukari ya siku mingi kama yako, ile shindano haitaondoka."

Nilitamani ardhi ipasuke. Niliona sherehe yangu yote imekuwa kofi usoni mwa mama yangu. Yeye alimtazama Padiri, aliyekuwa amepanda juu ya ukuta kwa mara ya kwanza tangu augue, anajilamba jua likimpiga. Alimtazama sana. Kisha akasema, "Basi, yeye apumuzike kwa ajili yetu bote babili." Akaomba aongezewe sombe, ile mboga ya majani ya muhogo.

Mado, katika maisha yangu nimesikia mahubiri mengi juu ya shukrani. Hakuna lililonifikia kama lile. Mtu anayeweza kufurahia pumziko ambalo yeye hatalipata, huyo ni tajiri, na nilikuwa naishi naye nyumba moja bila kumjua.

Msimu uliofuata ulikuwa mwema. Kidonda kilifunga. Kambo yako akaanza tena kwenda misa ya asubuhi kwa miguu yake, na kiatu alichokinunua mwenyewe sokoni baada ya kubishana na muuzaji hadi muuzaji akachoka. Padiri alimsindikiza mpaka kwenye geti, akamngoja pale. Nikirudi safarini niliwakuta wamekaa pamoja nje, wanatazama barabara, wote wawili na sura ileile ya watu wasiopenda kelele. Ulifaulu mitihani yako ya mwaka. Mama yako alikuwa anaimba akipika. Siku hizo zilikuwa zangu, na nilizila kama mtu anayekula amesimama, macho yakiwa kwenye safari inayofuata.

Mvua zilikuja zikaenda, zikaja tena. Halafu asubuhi moja nilikuwa navaa viatu, nikasikia kutoka jikoni ulimi unalamba maji. Ulilamba bila kuacha. Nilibaki nimeshika kiatu kimoja. Nilijua kabla ya mashine.

Na nilichofanya si kizuri. Nilianza kutafuta mkosaji. Nilimuuliza mama yako mbele ya jirani kama alimpa mkate. Nilimuuliza jirani. Nilikuuliza wewe kwa nini hukumpima wiki ile, wewe uliyekuwa unasoma mpaka macho yanakuwa mekundu. Mama yako aliendelea kuchambua maharage. Hata kwa Kalumba niliingia nikiuliza: "Docteur, nani aliamsha hii sukari?"

Alikuwa anamwangalia Padiri mdomoni. "Pengine mukate. Pengine hii meno iliyooza. Pengine hakuna hata moja, iliamuka yenyewe." Akanigeukia. "Papa, unatafuta mutu ya kuchukia, ao unatafuta dawa?"

Nilirudi nyumbani, lakini moyo haukutulia. Niliketi barazani nikasema kwa sauti kwamba tulishukuru bure. Kwamba yule mbuzi alikufa bure. Kwamba sitaki kuanza tena, nimechoka na vitu vinavyorudi.

Kambo yako aliniita kwa jina langu la ubatizo, jambo ambalo hulifanya akitaka nisikie. "Augustin. Ile miezi Padiri alikuwa narukaruka juu ya ukuta, uliiota?"

"Hapana, Mama."

"Ilikuwa?"

"Ilikuwa."

"Basi haikuwa bure."

Wewe ulikuwa umekwisha kwenda nyuma ya nyumba, nikakuona unarudi na vile vyungu viwili mikononi, umevijaza mchanga. Ulipita mbele yangu, ukaviweka mahali pake pembeni ya mlango. Ndipo ukasema, kama mtu anayezungumza juu ya hali ya hewa, "Papa, mara ya kwanza hatukujua kitu. Saa hii tunajua."

Na ilikuwa kweli. Mangaribi ile hakukuwa na haja ya chungwa. Mama yako hakutoka nje. Yeye ndiye aliyeshika sahani ya samaki. Nilimwomba radhi jikoni, akasema nisaidie kuchambua maharage, nikachambua. Kazi ile ambayo mara ya kwanza ilikuwa kama mlima, mara ya pili ilikuwa kama kufunga kamba za mzigo. Sukari ya Padiri haikulala tena, na Kalumba anasema kwa umri wake huenda isilale. Anachomwa, anakula, anaishi. Wakati huu ninapoandika amelala miguuni pa kambo yako, na wote wawili wanakoroma.

Zamani, kabla hujazaliwa, nilikuwa na kazi nzuri ya kuendesha magari ya machimbo, kazi yenye nyumba na mshahara usiochelewa. Iliisha ghafla kama kazi nyingi za mji huu zinavyoisha. Kwa uchungu nilikataa kuzungumza habari za miaka ile. Mama yako akianza kusema, "Unakumbuka ile nyumba yenye bustani?" nilimkatiza. Nilidhani kwamba kwa kuwa haikudumu, ilikuwa uongo. Kwa hiyo nilinyang'anywa mara mbili: mara moja na waliofunga machimbo, na mara ya pili na mimi mwenyewe. Imenibidi kungoja paka anifundishe kurudisha ile bustani. Sasa tunaizungumza, mimi na mama yako. Kulikuwa na mapera.

Sikuambii haya ili ukae Kinshasa ukingoja mabaya. Nenda ukafurahi. Utapata misimu mizuri huko: rafiki, masomo yanayoingia kichwani, labda na mtu atakayekufanya uchelewe kujibu simu za mama yako. Ufurahie ukiwa umeketi. Na ikitokea jambo ulilodhani limekwisha likaamka tena, usirudi nyuma kufuta siku njema ulizopata. Zilikuwepo. Mimi ni shahidi wa za kwako, kama kambo yako alivyokuwa shahidi wa zangu.

Nakushukuru, mwanangu. Nakushukuru kwamba kicheko chetu hakikukuzuia kunyanyua ule mfuko wa shule. Nakushukuru kwa mama yangu, ambaye hukumsukuma. Ulikaa tu pale alipoweza kukuona. Madaktari walinipa maneno yao kwa upole, lakini wewe ulinirudishia mama anayetembea. Na wala hukujua kwamba unafanya kazi kubwa. Ulidhani unatunza paka.

Mvua imepungua. Mama yako ananiita nikalie valizi ili zipu ifungike, na mimi ndiye mzito wa nyumba hii.

Neno la mwisho, kisha naenda. Siku moja huko utanipigia simu, na kwa sauti yako nitajua kwamba kitu kimeharibika. Kitakuwa ugonjwa, au mtihani, au mtu, au huzuni uliyodhani umeiacha hapa. Utaanza kunieleza jinsi ilivyotokea, na utajitetea, kwa sababu utakumbuka jinsi nilivyouliza maswali asubuhi ile jikoni. Usijitetee. Sitakuuliza ulikula nini, wala nani alikosa. Najua barabara ya lori langu haifiki Kinshasa. Nitakuuliza tu uko wapi, ili nijue nianzie njia gani kuja.

Baba yako,
Augustin